Mtoza Sadaka

Pale gatini palikuwa na sili, mnyama wa baharini mla samaki, waliyemwita Mtoza Sadaka. Alikuwa mnene, mwenye kovu jeupe puani, na samaki wa samoni aliyenasa kwenye ndoana ya mtu yeyote alikuwa kama amenasa kwa ajili yake. Sheria ilikataza hata kumrushia jiwe. Sigrun Haugen, mjane asiyekosa ibada, hakulipenda jina lile, lakini alipomgombeza Duane, muuza chambo, Duane alimjibu, "Mama, Mungu anataka fungu la kumi. Huyu anabeba yote kumi. Sasa nimwite nani?"

Siku ya mwisho ya msimu Sigrun alimpeleka kaka yake, Leif, kwa mashua hadi mlangoni mwa mto. Leif alikuwa amepasuliwa koo, sauti ikabaki mnong'ono. Sasa ugonjwa ulikuwa umerudi na hospitali ilikuwa imemruhusu arudi nyumbani, ruhusa ya kukata tamaa. Chakula kilimshinda. Alitamani kitu kimoja tu, samoni wa mkono wake mwenyewe, apikwe kwa maziwa na viazi kama alivyopika marehemu mama yao. Wa dukani Sigrun alikwisha kumletea, Leif akageuza uso ukutani.

Kwenye maji yale samaki akinasa, mvuvi hupaza sauti, "Samaki!" ili mashua za jirani zikunje mishipi na kumpisha. Ndiyo adabu yao. Anayekaa kimya huitwa mwizi wa maji. Lakini Sigrun, aliyekaa sana gatini akimsubiri kaka yake siku za uzima wake, alikuwa amemchunguza sili. Samaki aliruka, hakushtuka. Injini zilipita, alilala tu juu ya mwamba wake. Kichwa alikiinua pale tu mtu alipoita, "Samaki!"

"Leo tunyamaze," akamwambia Leif. "Wakitutukana, watutukane."

Leif akajigusa koo. "Unamwambia nani anyamaze, mdogo wangu?"

Manyunyu yalikuwa yakidondoka, baridi ikipenya makoti. Walikaa hadi Sigrun akaanza kumwomba Mungu kwa moyo, akiona aibu kidogo kuomba samaki. Ndipo fimbo ya Leif ikapinda. Sigrun akakunja mshipi wake, akashika wavu wa mkono. Kaka yake alikuwa amesimama. Mikono iliyoshindwa kijiko asubuhi ile haikutetemeka. Alilegeza, akavuta, akalegeza, mpaka samoni akageuka ubavu karibu na mashua, mweupe kama sahani.

Leif akafumbua kinywa, kwa mazoea ya maisha yake yote. Hakikutoka kitu.

Sigrun akakiona kinywa kile kitupu.

"Samaki!" akaita. "Samaki, jamani! Leif ana samaki!"

Mashua zikapisha. Mzee mmoja akavua kofia akaipunga. Sigrun alicheka, wavu juu, kisha akatazama mwambani. Palikuwa patupu.

Maji yalivimba mara moja. Mshipi ukakazika, ukalegea. Leif akaukunja polepole, na kilichokuja ni kichwa tu cha samoni, kinywa bado kikifunguka na kufungika. Wahenga walisema ulimi huponza kichwa; siku ile ulimi uliacha kichwa peke yake.

"Nisamehe, kaka," Sigrun akasema. "Mimi ndiye niliyekuonya."

Leif alikuwa akiitoa ndoana kwa upole, kama anayeogopa kumuumiza. "Walinisikia?" akanong'ona.

"Nani?"

Akazielekezea mashua kidevu.

"Walikusikia," alisema Sigrun. "Wote."

Jioni alikichemsha kichwa kile kwa maziwa na viazi. Akaomba, Leif akafumba macho hadi amina. Alichukua kijiko kimoja, akaishika supu mdomoni muda mrefu akijaribu kumeza, kisha akaitema kwenye kitambaa. Sigrun akamfuta kidevu. Hakuimwaga supu, wala yeye hakuweza kuinywa. Aliifunika, ikakaa mekoni, maziwa yakishika utando juu.