Nakala ya Tarehe Nane

Kati ya maneno mia moja na kumi na mawili aliyobakiwa nayo Refa, alilolitumia hadi likachakaa ni "Njoo."

Alikuwa refa kweli. Miaka ishirini na tatu alichezesha mpira wa vijana kila Jumamosi, na siku za kazi alitunza stoo ya shule. Kisha ugonjwa wa mishipa ukaanza kumla kutoka miguuni. Daktari hakuzungukazunguka: sauti nayo itaondoka, alisema, kwa hiyo itunzeni mapema. Binti yao wa pekee akaleta tableti yenye picha, na Refa akakaa nayo wiki kadhaa akirekodi neno moja moja: maji, mto, funga dirisha, naumwa, mpira umeanza. Haukupita muda sauti ikaondoka kama daktari alivyosema. Zikabaki akili nzima, hasira zilezile, na kidole kimoja cha kushoto cha kugusia picha.

Hilo "Njoo" alilirekodi kwa sauti ya kumwita mchezaji aliyecheza rafu. Siku ile mkewe alicheka hadi akashika mbavu. Hakujua kwamba rafu zote zitakuwa zake.

Mkewe alikuwa fundi cherehani, na mtaani walimwita Mama Sare, maana nusu ya watoto wa shule walivaa kazi ya mikono yake. Cherehani ilikaa sebuleni, kitanda cha Refa chumba cha ndani. Hatua kumi na moja, alikwishazihesabu. Njoo, mto umeteleza. Njoo, kuna nzi. Njoo, na akifika hakuna lolote, mume anamtazama tu kama anayehakikisha mke bado yupo. Anarudi, anaweka mguu kwenye pedali, mshono haujafika kona: "Njoo." Jirani alitania kwamba refa hastaafu, amebadilisha filimbi tu. Mama Sare alicheka mara ya kwanza. Baadaye alikuwa anatabasamu kwa adabu, kisha hata adabu ikamwishia.

Ijumaa moja, saa nane mchana, akiwa na kola arobaini za kwaya ambazo hazijaguswa, aliitwa mara sita kabla hajatunga uzi kwenye sindano. Mara ya saba alipofika, alimkuta Refa amefumba macho, tableti iko kifuani. Basi akaichukua. Akaweka kidole juu ya picha ya "Njoo" na kuking'ang'aniza hapo. Alitaka kuliondoa hilo moja tu, ashone mpaka jioni kama binadamu wengine. Kikajitokeza kiswali cha herufi ndogo kama mchanga. Miwani aliiacha kwenye cherehani. Akabonyeza Ndiyo, kikaja cha pili, cha kufuta yote, akabonyeza Ndiyo tena bila kukisoma, na kioo kikabaki cheupe. Maneno yote yalikuwa yamekwenda.

Uchovu una akili zake, na nyingi ni mbovu. Angepiga simu kwa binti dakika ileile, mambo yangekwisha kabla ya chai. Lakini angesema nini? Kwamba amemkata mumewe ulimi kwa sababu ya kola? Akanyamaza wiki mbili na ushei. Binti alipouliza, alijibiwa baba hajambo, amelala. Mwishowe akatoa uongo wake: tableti imekufa yenyewe, mwanangu, jana tu, tarehe ishirini na tano.

Siku za mwanzo Refa aligonga ukingo wa kitanda kwa ukucha wa kidole kile kimoja. Halafu akaacha. Akageukia ukuta, chakula kikawa kinarudi nusu. Muuguzi aliyekuja kila Alhamisi akamvuta Mama Sare pembeni. "Dada, mgonjwa anayesumbua hanitishi," alisema. "Huyu asiyetaka kitu ndiye ananitisha." Kola arobaini zilikwisha kwa siku mbili. Kimya alichokitamani Mama Sare sasa alikuwa nacho, lakini kila alipoinua mguu kwenye pedali alijikuta anasikiliza.

Sasa ilikuwa Jumamosi, tarehe saba ya mwezi uliofuata, karibu saa sita mchana. Simu iliwekwa juu ya stuli kando ya kitanda, sauti ya binti ikitoka kwa nguvu. Refa alikuwa ameugeukia ukuta wake.

"Mama, umeingiza neno la siri?"

"Nimeingiza. Inazunguka tu."

"Iache izunguke. Imeleta orodha ya tarehe?"

"Imeleta."

"Haya." Binti alipiga miayo, wiki nzima alikuwa akitoka kazini usiku. "Nakueleza tena tuelewane. Kila usiku tableti inatuma nakala yake mtandaoni, na huko wanaweka nakala za siku thelathini tu. Ikiingia mpya, ya zamani kabisa inatupwa. Tumerudisha ya tarehe ishirini na nne, tupu. Leo asubuhi tumerudisha ya ishirini, tupu. Sielewi. Kama iliharibika ishirini na tano, hizo zilipaswa kuwa na kila kitu."

Mama Sare alikuwa akikunja upindo wa gauni lake, anaukunjua, anaukunja.

"Nakwenda nyuma kidogo kidogo," binti aliendelea, "maana sijui baba alizipanga upya picha zake lini mara ya mwisho. Nikiruka mbali sana nitamvurugia mpangilio aliouzoea. Na kurudisha mara moja tu kunakula saa nne. Leo sina nguvu tena, mama. Jumamosi ijayo tutajaribu ya kumi na nane, tuone."

"Jumamosi ijayo," Mama Sare alirudia.

Alikuwa amevaa miwani safari hii. Chini kabisa ya orodha aliiona tarehe nane, na pembeni yake maandishi mekundu: itafutwa leo. Juu yake ilikuwa tarehe tisa, nakala ya usiku wa siku ile, na hiyo alijua ina nini, yaani haina kitu. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yalikuwa yanazoleka, ila kwa saa chache zilizobaki, na aliyejua yamemwagika wapi alikuwa yeye peke yake. Akitaka kulinda uso wake, ilikuwa rahisi: anyamaze, aage, akapike. Kesho sauti ya mumewe isingekuwepo popote duniani.

"Mwanangu, usikate simu."

"Nipo."

"Haikuharibika." Aliuachia upindo wa gauni. "Nimeifuta mimi. Tarehe tisa, mchana. Nilitaka kuondoa neno moja, hilo la kuniita. Nilikuwa nimechoka kuitwa. Sikuvaa miwani, yakaenda yote. Halafu nikaogopa kukwambia."

Hakuthubutu kumtazama Refa.

"Tarehe tisa," binti alisema. "Una hakika?"

"Kama ninavyojua jina langu."

"Basi tunataka ya nane. Ipo?"

"Ndiyo ya mwisho hapa. Inafutwa leo."

"Iguse. Ikikuuliza, soma kwanza kwa sauti, mama, usibonyeze kitu hujakisoma."

Akasoma neno kwa neno kama mtoto wa darasa la kwanza, akabonyeza. Kimstari cha bluu kikaanza kutambaa.

"Nimekasirika," binti alisema. "Nitakwambia nilivyokasirika siku nyingine, leo sina hata pumzi ya kugombana. Kwa nini hukuniambia umechoka?"

"Mchovu ni wewe. Nakusikia."

"Tumechoka wote, basi. Nikipata likizo nakuja, ulale wiki nzima." Akavuta kamasi. "Usizime chaji."

Saa nne zile Mama Sare hakushona. Alikaa kwenye stuli akikilinda kile kimstari, na mara mbili mtandao ulipokwama alikisemesha kwa maneno ambayo hayafai kuandikwa. Jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili picha zilipoanza kujipanga moja baada ya nyingine: glasi, mto, dirisha, mpira. Akagusa ya dirisha. "Funga dirisha," alisema mumewe, kwa sauti yake nzito yenye mkwaruzo.

Mgongo ule kitandani ukatikisika. Mama Sare akamgeuza taratibu, akampangia mito, akamwekea tableti kifuani. Yeye mwenyewe machozi yalikuwa yakimshuka waziwazi wala hakuyafuta.

"Nisamehe," alisema. "Umesikia nilichokifanya."

Refa hakuwa na sura ya mtu aliyesikia habari mpya. Kidole chake kikaanza safari juu ya kioo, kinatetemeka, kinakosea, kinarudi. Kikafika kwenye "Njoo." Mama Sare akangoja sauti. Haikutoka. Kidole kilikaa palepale, kimeng'ang'ania, mpaka kiswali cha herufi ndogo kikajitokeza. Safari hii aliweza kukisoma: Futa neno hili?

Ndipo alipoelewa. Siku ile hakuwa amelala. Aliona kila kitu, alijua ni neno lipi lililomchosha mkewe, na baada ya kurudishiwa sauti yake jambo la kwanza alilotaka ni kumpunguzia mzigo. Kidole kilikuwa kimeshaanza kusogea kuelekea Ndiyo.

Mama Sare akakiwahi. Akabonyeza Hapana kwa nguvu hata kioo kikalia.

"Hilo hulifuti," alisema. "Hilo niachie mimi."

Refa akapumua. Akagusa picha ileile, mguso mwepesi, na chumba kikajaa sauti ya uwanjani: "Njoo."

Hakukuwa na hatua ya kupiga. Mama Sare akavua miwani, akalaza kichwa ukingoni mwa kitanda kando ya ule mkono wa kushoto, na usingizi ukamchukua hapohapo akiwa amekaa. Mto wa Refa uliteleza. Nzi akaja, akatua, akaondoka, akarudi. Refa hakugusa neno lolote mpaka mkewe alipoamka mwenyewe.