Kioo Kwenye Ziwa la Adolphine

Israël alikuwa muuza vioo vya madirisha katika mtaa wa Hewa Bora, na kwa maneno hakuwa mtu wa kuchezewa. Wateja walimjua. Lakini siku ukoo wa mke wake ulipokuja kuchukua vitu vya marehemu, alikaa sebuleni kwake mwenyewe kama mgeni aliyeingia kuomba maji ya kunywa, akitazama sufuria zikitoka, vitenge vikitoka, cherehani ikitoka.

Hakuna aliyemwonea, na hilo ndilo lililomkera zaidi. Kwa watu wa Adolphine, wenyeji wa Pweto kando ya ziwa, vitu vya binti yao aliyefariki hurudi kwao, na mjomba Constantin, mkubwa wa msafara, aliomba ruhusa kabla ya kugusa hata kijiko. Wakati wa posa ni mjomba huyohuyo aliyenong'ona kwamba Wakasai, watu wa kwao Israël, wanapenda mali. Israël alitumia ndoa yote kumwonyesha kwamba sivyo. Sasa angeanzaje kung'ang'ania kompyuta?

Maana kompyuta nayo ilikuwa ya Adolphine. Alikuwa akiwachapia wanafunzi kazi zao za kumaliza chuo, mpaka ugonjwa wa moyo ulipomlaza kitandani. Hapo ndipo alipozama kwenye mchezo aliowekewa na binamu yake, mchezo wa kujenga bustani ya wanyama. Wengine humo hujenga vizimba na vibanda vya soda. Adolphine alijenga Pweto. Alichimba ziwa, akapanda matete ukingoni, akaficha kila uzio nyuma ya mawe na miti, kisha akawaachia viboko na swala waende watakako. Wageni wa mchezoni walilalamika kwamba wamelipa kiingilio na hawaoni hata mkia. Adolphine alisema basi warudi makwao, na hakukata tete hata moja.

Israël hakuwahi kufika Pweto. Kila mwaka walisema mwaka ujao, na mwaka ujao barabara ilikuwa mbaya, au duka halina wa kuliangalia, halafu ugonjwa ukaingia. Kwa hiyo alionyeshwa kwao mkewe kwenye skrini, akiwa ameketi pembeni ya kitanda. Hapa tulichota maji. Hapa mama alinichapa kwa kupoteza kiatu cha kanisani. Siku moja, kwa uchokozi wa muuza vioo, alimshauri aweke ukuta wa kioo chini ya maji ili wale wageni maskini wamwone kiboko akitembea. Adolphine alicheka mpaka akakohoa, kisha akampa kipanya akiweke mwenyewe. Akakiweka kimepinda. Alipotaka kukinyoosha, mkewe alimshika mkono.

“Ikae vile,” alisema. “Bantu bataona njo weye uliiweka.” Alitaka watu wajue kwamba ni mumewe aliyekiweka.

Hilo ziwa tu, na kioo chake kilichopinda, ndivyo Israël alivyovitaka katika vyote vilivyokuwa vikibebwa. Alimwambia mjomba Constantin kwamba kuna picha anaomba abaki nazo. Kutaja mchezo aliona aibu, mtu mzima, tena msibani. Mjomba akamjibu kwa upole: “Kamata muda yako, mukwe. Hatuna haraka.”

Kompyuta hakuijua, mjuzi alikuwa mkewe. Aliiona ile picha ndogo ya twiga ambayo Adolphine aliibonyeza kila alipotaka kuingia kwenye bustani, akainakili kwenye flashi, akaiona imetokea kule na twiga wake mzima. Moyo ukatulia. Akaibeba kompyuta kwa mikono yake hadi kwenye gari, akamkabidhi Sephora, binti wa dada yake Adolphine, aliyekuwa amepangiwa kuirithi. Mjomba akawaambia wenzake kwamba huyu ni mukwe wa kweli. Israël alizisubiri sifa hizo tangu siku ya posa.

Alipofungua tena duka, alimpelekea flashi jirani yake Liévin, mwenye duka la kuchapa karatasi. Liévin alibonyeza, akabonyeza tena, akauliza vingine viko wapi. Kisha akamweleza taratibu, kwani alimhurumia: alichokuja nacho ni kibao cha mlangoni tu. Nyumba yenyewe, na ziwa ndani yake, vimebaki kwenye mashine.

Israël hakuogopa sana. Mashine iko kwa Sephora, na Sephora ni mtoto wa nyumbani. Akampigia simu palepale.

Msichana alipokea kwa adabu. Akamhakikishia kwamba kompyuta iko salama, tena safi kabisa.

“Bamama balisema bintu byote ya marehemu bisafishwe mbele ya kuitumikisha, papa. Sufuria balisugua na majivu, bitenge balifua. Ordinateur, nilipeleka kwa technicien, akafuta byote. Hakubakia kintu.” Kisha sauti ya msichana ikapungua. “Nilifanya mubaya?”

Mtoto alimheshimu marehemu kama alivyofundishwa, na huenda alimlipa fundi wa kompyuta kwa pesa yake mwenyewe. Iliuma, iliuma vibaya, na hapakuwa na mtu wa kukasirikiwa.

“Hapana, mama,” akamjibu. “Ulifanya muzuri.”

Jioni ile mjomba Constantin naye akapiga simu, kumshukuru kwa jinsi alivyowapokea bila maneno. Akamwalika Pweto, mvua zikiisha, aje aone ziwa lenyewe. Israël akashukuru, akaahidi kwamba safari hii atakwenda kweli. Alijijua. Atasimama ukingoni, ayatazame matete, halafu macho yake yataanza kushuka majini kutafuta kioo kilichopinda, na mjomba atamuuliza, mukwe, unatafuta nini, naye atasema hakuna kitu.