Ruksa Kelele

"Usinitolee macho, Mama Yudith! Ngoma haina miguu!"

"Na mimi sina pango la kufichia ngoma, Mama Fabian. Chumba chenyewe umenipangisha wewe, unakijua. Nikinyoosha mguu nagonga ukuta. Ingia upekue!"

"Nishapekua."

Dorothea, ndiye Mama Yudith, akageuka kuutazama mlango wake. Kumbe ndiyo maana jana alikuta shuka zimekaa upande, akamgombeza Yudith bure.

Uani palijaa masikio. Elisante, dereva wa ofisi moja ya serikali aliyepanga chumba cha mwisho, alikuwa anapiga kiatu rangi, kiatu kilekile kimoja tangu ugomvi uanze. Majirani wa Chang'ombe hii ya Dodoma nao wakakumbuka ghafla kwamba walikuwa na chumvi ya kuja kuomba.

"Nisikilizeni," alisema Mama Fabian, mama mwenye nyumba, mikono kiunoni. "Ile ni muheme, ngoma ya wanawake, inabanwa mapajani. Mgogo gani wa kiume ataigusa? Ataifanyia nini? Basi aliyeichukua ni wa kike. Na wa kike nyumba hii ni mimi, wewe na binti yako. Mimi sijajiibia. Jumapili kikundi changu kinapokea wageni kutoka Dar. Jumapili asubuhi nione ngoma yangu, au nione chumba changu kitupu."

Ilikuwa Jumatano. Mwaka wenyewe wa tisini na moja, enzi za ruksa, kila mtu na lake: huyu kafungua genge, yule anauza mitumba, mwalimu anawauzia wanafunzi wake visheti darasani. Dorothea, mjane wa kutoka Mvumi, alikuwa na karai moja la maandazi na hicho chumba. Kutoka hapo, aende wapi?

Usiku hakulala, alishuku. Alianza na Elisante: mwanamume gani anapiga kiatu rangi nusu saa? Akahamia kwa mwenye nyumba mwenyewe. Huyu hakuwa anasema juzi kwamba chumba cha mbele kingefaa duka? Wahenga walisema mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Asingeshindwa kuificha ngoma yake ili apate sababu. Alifurahia wazo hilo mpaka alipogeuka na kumwona Yudith amelala pembeni yake, kichwa kimefungwa kitambaa.

Siku ya nne leo na kitambaa hicho, eti kanyolewa tu. Kinyozi gani huyo anayenyoa kichwa kisionekane? Akainua kiganja cha mtoto polepole, akakipapasa. Malengelenge.

Hayo ni ya kupiga ngoma.

Alhamisi shule ilipotoka, Dorothea aliacha maandazi kwa jirani, akamfuata bintiye kwa mbali, kila nguzo akijifanya anafunga kanga upya. Yudith alipita kisimani, akapita mashine ya kusaga, akazama nyuma ya ghala la ushirika ambalo lilikuwa limefungwa mwaka wa pili huo. Kisha kelele zikaanza. Dorothea alidhani watoto wanauana, akasukuma bati, akaingia mzima mzima.

"Bomba kavu! Ndoo kavu! Koo kavu! Tumekauka!"

Walikuwa wanne, watoto wa mtaa ule ule. Joshua alikuwa anacharaza gitaa la galoni la mafuta lililofungwa nyaya za breki za baiskeli. Jenifa alikuwa anapayuka kwenye faneli. Yudith, mtoto wake wa kumzaa, alikuwa anapiga debe kama analidai, na kichwa chake kimenyolewa panki: pembeni kweupe, katikati mstari umesimama kama upanga wa jogoo. Wote walikuwa na panki, vitambaa na kofia za kuzifichia zimetupwa chini. Wa nne alikuwa Fabian, mtoto wa mwenye nyumba. Yeye hakuimba. Alikuwa amekaa chini ameegemea ngoma ya mama yake, ngozi imepasuka kutoka ukingo hadi ukingo.

"Shikamoo mama," walisema kwa pamoja, sauti zimekufa.

"Marahaba yenu nitawapa baadaye. Nani kaileta hii hapa?"

Jenifa, ambaye mdomo wake haukuwahi kujua kufuli, akaanza mbali. Elisante alinunua koti la mtumba mnadani, mfukoni akakuta kaseti. Akaipiga redioni, akasema Wazungu hawa wamechanganyikiwa, muziki gani huu, panki, akawapa watoto waichezee. Wao wakaisikiliza mpaka betri zikaisha. Hawakuelewa neno hata moja, ila walielewa kwamba wale watu wamekasirika na hakuna anayewanyamazisha. Ndipo ikazaliwa bendi, jina lake Ruksa Kelele. Mwezi wa tatu sasa. Walishapiga nyuma ya mnada, wakafukuzwa pamoja na mbuzi. Wimbo wao wa visheti ulimfikia mwalimu, wakachapwa wanne kwa mpigo. "Ila debe halina besi, mama. Ndiyo tukahitaji muheme."

"Nimeuliza nani kaileta."

"Mimi," alisema Fabian. "Lakini siwezi kuipiga, naona aibu. Nilikuwa nambebea Yudith tu. Juzi kulikuwa na mawingu, ngozi ikalegea, nikaipasha kwenye mkaa badala ya jua. Ikalia pa!"

Akaanza kulia. Dorothea alimtazama. Neno lilimjaa kinywani, tamu kama asali ya miombo: mwizi ni mwanao, Mama Fabian. Angelitangaza kuanzia kisimani hadi mnadani. Lakini alimjua yule mama. Angesema Yudith ndiye aliyemtuma. Mvulana ngoma ya kike ya nini? Na watu wote wa uani wangetikisa vichwa, kweli, ya nini? Mpaka aione mwenyewe, kwa macho yake, ngoma ikiwa begani kwa mwanawe.

"Futa kamasi," alisema. "Jumamosi mtapigia nyumbani. Mkimwambia mtu, hizo panki nazing'oa kwa mkono."

Jioni ile alikwenda kwa Kefa mchinja mbuzi, akapata ngozi. Kefa akauliza ya nini; akajibu ya kukalia. Akailoweka, akaiparua manyoya, akaiwamba kule kule ghalani kama alivyomwona mama yake akifanya, vigingi vya mti kimoja baada ya kingine, huku watoto wakivuta. Ijumaa jua la Dodoma likamaliza kazi.

Jumamosi alasiri aliwaalika watu yeye mwenyewe, mlango kwa mlango, bila kusema ni cha nini. Hakuna kinachojaza uwanja wa Chang'ombe kama kutokuambiwa. Mama Fabian alitoka jikoni na mwiko mkononi, amekunja uso. "Unaniaga kwa sherehe?"

Geti lilifunguka. Mbele alitangulia Fabian, panki juu, muheme begani. Akaitua mbele ya Yudith, taratibu, kama kitu alichokwisha kukifanya mara nyingi. Yudith akaibana mapajani.

Watu wote waligeuka kumtazama Mama Fabian.

Kisha wakaanza. "Choo kina kufuli! Ufunguo uko kifuani! Tumbo halina subira!" Muheme ilinguruma chini ya galoni mpaka kuku wakapanda ukuta. Elisante alicheka, akaona anavyotazamwa, akakohoa. Mama Fabian mkono ulimwenda kifuani, kwenye ufunguo wa choo alioutundika shingoni, bila kujijua.

Walipomaliza alienda moja kwa moja kwenye ngoma. Akaigonga kwa kidole, akasikiliza. Akagonga ukingoni.

"Nani kaiwamba?"

"Mimi," alisema Dorothea.

"Ya kwanza ilikuwaje?"

Dorothea alimtazama Fabian, akatazama watu wale wote waliokuja na masikio yao. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kushika neno la namna hiyo mdomoni bila kulitema.

"Ngozi ilikuwa imechoka," alisema.

Mama Fabian alimchungulia machoni muda mrefu, kama mtu anayetafuta mtego kwenye nyasi. Kisha akamtazama mwanawe, naye Fabian akatazama vidole vya miguu yake.

"Na chumba, Mama Fabian?"

"Kuna mtu kakuuliza habari ya chumba?" Akageuka kuelekea jikoni, akasimama mlangoni, mwiko bado mkononi. "Ingia ule. Ugali wa uwele na mlenda. Na ukae upande huu, ninapokuona."

Dorothea alisita kizingitini. "Nani anaonja kwanza?"

"Mimi, mwanga we. Ingia, mlenda unapoa."