Shokapu Mpya na Godoro Kuukuu

Yote yalianzia kwenye mdomo wa bwana mmoja mpaka rangi, na mdomo, kama mjuavyo, hauna shokapu.

Skuta yake ilikuwa kongwe. Kila kishimo, nyuma ilipiga gadu! na mkewe aliyekaa huko nyuma akapiga yalaa! Shokapu zote mbili, zile springi za kumeza mitikisiko, zilivuja mafuta, zikabaki za kuonekana tu. Basi juzi, mbele ya kaka wa mkewe, bwana akachekesha watu: "Shokapu zitaachaje kufa? Angalieni zinachobeba!"

Shemeji akacheka. Mke hakucheka.

"Mjukuu wetu nitakwenda kumwona kwa gari la kaka yangu," alisema. "Wewe panda na shokapu zako."

Mjukuu wa kwanza, halafu babu afike peke yake kama mleta maji! Na shemeji yule angetangaza ukoo mzima kwamba kamwokoa dada yake. Afadhali kung'olewa jino bila ganzi. Bwana akanunua shokapu mpya na kuapa kwamba kesho mke atakaa nyuma yake, na atakaa kwa raha.

Sasa, fundi yeyote wa pikipiki atakwambia: toa shokapu ya upande mmoja, funga mpya, ndipo uende upande wa pili, ili moja ibaki inashikilia bodi. Lakini huyu alikuwa mpaka rangi. Mpaka rangi huvua ukuta kwanza: misumari, picha, pazia, vyote chini, ndipo ashike brashi. Akatoa zote mbili kwa mpigo. Bodi ikashuka puu! juu ya tairi, ikakaa kama mgeni aliyenogewa.

Maji ukishayavulia nguo huna budi kuyaoga. Akainua bodi, akatia kopo la rangi chini yake. Kopo likateleza, likambana kidole gumba. Akalipiga teke, likamwagia rangi viatu. Mwishowe akaleta godoro kuukuu la sponji, akalikunja, akalifunga kamba na kulishindilia kati ya tairi na bodi. Bodi ikapanda. Ikapanda mno! Shokapu alizifunga juu vizuri, lakini chini matundu yakaning'inia, kila moja limebaki juu ya mahali pa boliti yake kwa upana wa kidole.

Akakandamiza bodi kwa mkono, godoro likamsukuma. Akapanda juu ya kiti mwenyewe. Alikuwa mwembamba kama mpini wa brashi yake, godoro halikujua hata kama amekuja. Na akiwa huko juu, boliti aitie nani?

Mkewe alikuwa kizingitini akikunja nguo za kichanga, kila moja akiilaza polepole mithili ya mtu aliyekata tiketi ya kutazama.

"Mama watoto," bwana aliita, jasho likimtoka hadi kwenye nyusi. "Hebu njoo ukae hapa kidogo."

"Wapi? Hapo? Ndiyo kwanza mpya, baba watoto, nitaziua."

"Acha mzaha. Kaa."

Akaja, akakaa. Godoro likashusha pumzi fyuuu, na matundu yakateremka taratibu hadi yakalingana barabara. Bwana karibu atokwe na machozi. Akanyoosha mkono achukue boliti, na mke akanyanyuka. Vup! Vyote juu.

"Mbona unanyanyuka?"

"Naona mzigo umezidi."

"Kaa, nakuomba! Basi, si wewe. Zilikufa kwa uzee, zina umri mkubwa kuliko ndoa yetu."

"Hayo unaniambia mimi ya nini? Mimi nilikuwa nayajua." Akatoa simu kwenye mkunjo wa kanga, akabonyeza, akamsogezea mdomoni. "Ulipoyamwaga ndipo utakapoyazoa."

"Haloo?" sauti ya shemeji ikavuma.

Bwana akamtazama mkewe. Akatazama matundu. Akaifinya spana mkononi kana kwamba angeivunja.

"Shemeji," alisema, "shokapu... zilikufa kwa uzee wake. Dada yako hana kosa. Na bila yeye hapa hazifungiki."

Kicheko kilichotoka kwenye simu kilimfukuza kuku aliyekuwa uani.

"Kaka," mke alisema, "kesho usijisumbue kuja." Akakaa tena, safari hii mzima mzima. Boliti ya kushoto ikaingia, ya kulia ikaingia, spana ikazikaza, na godoro likavutwa nje likiwa limebonyea kwa heshima.

Wakaijaribu. Walipovuka mtaro wa uchochoroni, skuta nyuma haikusema gadu, na mke hakusema yalaa.

"Umeonaje?" bwana aliuliza, kifua kikianza kumvimba. "Si nilisema mimi ni fu..."

Akahisi mkewe anajiinua kidogo kwenye kiti. Akafunga mdomo, akaendesha.