Hisa za Senti Kumi

Verna Salmela hakuwa mjinga. Watu wa Kirkland Lake, mji wa migodi huko Kanada, waliokuja kumwita hivyo baadaye wangeona haya, maana wengi wao walikaa jikoni kwake wakila mkate wake wa iliki na kumhimiza atie saini.

Kampuni yake ilikuwa ndogo mno: yeye mwenyewe, mashine ya kukodi ya kuchoronga miamba, na ziwa ambalo marehemu mumewe Arvo aliapa mpaka anakata roho kwamba chini yake kuna shaba. Wenyeji walinunua hisa. Kila aliyenunua alipewa na nyongeza: haki ya kununua hisa nyingine siku za mbele kwa senti kumi, hata kama sokoni zimefika dola. Watu wakazitia hati hizo kabatini, wakaanza kubishana ni gari gani watanunua.

Fedha ziliisha shimo likiwa katikati, na benki haikopeshi shimo. Ndipo akatokea Prewitt wa Toronto, mtu wa sauti laini, akatoa mkopo wa namna yake. Badala ya kudai fedha, angeweza wakati wowote kuligeuza deni kuwa hisa. Kwa bei gani? Hapo ndipo balaa lilipojificha. Bei haikufungwa. Ingekuwa ile ya chini kabisa iliyoonekana sokoni mwezi uliotangulia, tena ikatwe robo. Wakili alimsihi Verna adai bei iliyofungwa, Verna akacheka. Mtu anayeliamini jiwe lake haogopi bei ya sokoni, kwa sababu moyoni mwake bei hiyo inajua njia moja tu, ya kupanda.

Prewitt akageuza kipande cha deni kuwa hisa, akaziuza, bei ikashuka. Iliposhuka, kipande kingine kama kile kikampa hisa nyingi zaidi, akaziuza nazo. Bei ikazidi kuporomoka. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kufikia Machi hisa ilikuwa senti tatu, na fungu la Verna katika kampuni aliyoianzisha lilikuwa limeyeyuka kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni. Mashine ilikuwa bado juu ya ziwa lililoganda, barafu imeanza kulia, mafuta hakuna, na shimo halijafika kina alichokitaja Arvo. Barafu ikiachia, ingebidi kungoja baridi nyingine, na wakati huo kampuni ingekuwa ya Prewitt.

Asubuhi moja akaingia Télesphore Gauvreau, mwenye mashine, aliyechoronga na Arvo tangu ujana wao. Alivua buti mlangoni, akaweka hundi mezani.

"Nimekuja kutumia haki zangu, bosi. Zote. Kwa senti kumi."

"Umelewa wewe?"

"Kwa kahawa hii? Haimlevyi hata kuku."

"Teles, sokoni ni senti tatu! Kama unataka hisa kanunue huko, ubaki na chenji."

"Na anayeuza huko ni nani? Si huyo huyo Prewitt? Nikinunua huko, namnenepesha yeye. Nikinunua kwako, hela inaingia kwenye tangi la mashine, tunamaliza shimo."

Verna akaitazama hundi. "Hela za wapi hizi?"

"Za kile kijumba cha Moncton."

Alikijua. Mzee alikuwa amekiwekea akiba miaka mingi; kilikuwa karibu na kwa Odile, binti yake Télesphore, ambaye kila Krismasi alimuuliza babaye atahamia lini.

"Odile anajua?"

"Odile anajua baba yake ana kichwa kigumu. Inatosha."

Sasa Verna alikuwa ameusoma ule mkataba mpaka ameukariri. Shaba isipotokea, hakuna kitu. Ikitokea, Prewitt ataligeuza deni lote lililobaki kwa bei ya zamani, ya chini kabisa, na kummeza. Kwa vyovyote vile, kijumba cha Moncton kimekwenda. Alipaswa kuirudisha hundi ile, na maneno yalikuwa tayari mdomoni. Lakini alitaka kuliona jiwe la Arvo kwa macho yake. Alilitamani kama mja mzito anavyotamani udongo.

"Haya, kula mkate," alisema, akaikunja hundi na kuitia mfukoni mwa aproni.

Shaba ilitoka. Jiwe lilipanda kutoka chini ya ziwa likiwa la manjano, linang'aa, zito mkononi, na Télesphore akalibusu mbele za watu, akapiga kelele kama mwehu. Verna alilia na kumtaja Arvo kwa sauti. Wanasema ng'ombe wa maskini hazai, na akizaa huzaa dume. Huyu alizaa jike, kisha akachukuliwa pamoja na ndama wake.

Sheria ilitaka habari itangazwe, ikatangazwa. Bei ikaruka mpaka senti kumi na nane. Verna akapiga simu ziwani, ambako Télesphore alikuwa akiivuta mashine kabla barafu haijapasuka.

"Uza, Teles! Uza sasa hivi!"

"Niuze nini? Si tumepata! Acha woga, mama."

Mchana Prewitt akapiga simu. "Hongera sana, Bi Salmela. Nimegeuza deni lote."

"Kwa bei gani?"

"Ile ya mkataba," alisema, kwa upole wa mtu anayetoa rambirambi.

Hisa nyingine aliziuza, bei ikaanguka tena. Nyingine alibaki nazo za kupigia kura. Mkutano uliitishwa Toronto, Verna akashukuriwa kwa utumishi wake na kutolewa. Wakubwa wapya walikunja kila hisa mia kuwa moja, hata mwenye elfu akabaki na kumi, kisha wakaajiri wachorongaji wao.

Mwezi Mei alikwenda kwa Télesphore. Alimkuta uani, amelala chini ya mashine, anapaka grisi.

"Bosi! Nimebadilisha mnyororo. Ziwa likiganda tu, tunarudi."

Verna hakuketi. Alimweleza yote akiwa amesimama, hata bei ya mkataba, hata zile hisa mia kuwa moja. Mzee akatoka chini ya mashine, akajifuta grisi kidole kimoja kimoja.

"Kwa hiyo siku ile nilipoleta hundi, ulijua?"

"Nilijua."

Alifunika kopo la grisi. Alipofungua tena mdomo, sauti yake haikuwa na hasira, na Verna alitamani ingekuwa nayo.

"Nilikaa kwenye gari nje ya nyumba yako," alisema, "napanga jinsi ya kukushawishi. Nilidhani utanibishia mpaka jioni. Lakini hukubisha sana, Verna."