Nguo Arobaini na Moja za Kabati

Hotelini walimwita Kabati, na jina hilo hakupewa kwa ubaya. Alipewa na wanawake wa jikoni, asubuhi moja alipoingia kwa geti la wafanyakazi amevaa gauni la krimu lenye kola ya buluu. Mmoja wao akashika kiuno, akasema, "Jamani, huyu dada kwake kuna kabati au kuna duka?" Wakacheka, jina likanasa. Mwaka wa tisa huo, hata siku ya mshahara aliitwa hivyo hivyo: "Kabati, njoo utie sahihi."

Naye alilipenda, tusidanganyane. Alijitia kununa kidogo, lakini moyoni anachekelea. Maana akishapita lile geti, alikwenda moja kwa moja chumba cha kufulia, akavua pamba zake, akavaa sare ya kijani iliyopauka, akasimama mbele ya meza ya pasi toka saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Mashuka, foronya, vitambaa vya meza, mashati ya wahudumu. Mtu anayesimama kwenye mvuke siku nzima ana haki ya dakika mbili za kutazamwa na watu. Nani wa kumnyima?

Miguu ndiyo iliyoleta mambo. Mwaka huo ilianza kuvimba, mpaka viatu vikamkataa. Daktari akambonyeza kwa kidole gumba, kishimo kikabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa. "Mama," akasema, "kazi ya kusimama ikome kabla mwaka haujaisha. Sisemi ipungue. Ikome."

Rahisi kusema. Nyumbani Kabati aliishi na mama yake mzazi, bibi wa watu ambaye macho yalikwisha kumtupa mkono, na pale hapakuwa na mwingine wa kuleta chakula. Na katika hoteli nzima, kwa mtu wa kiwango chake, kulikuwa na kazi moja tu yenye kiti: msimamizi wa stoo ya nguo. Kiti, meza, na funguo za makabati manane. Mzee aliyeishika miaka mingi alikuwa anastaafu mwezi ule. Kabati akaiomba. Akiikosa, anarudi nyumbani na miguu yake, waangaliane na mama yake mpaka unga uishe.

Sasa, hoteli ile ilikuwa na utaratibu wake. Meneja, mama mmoja mrefu asiyependa mambo ya chini kwa chini, hakumpandisha mtu cheo ofisini mlango umefungwa. Alimsimamisha bwaloni mbele ya wafanyakazi wote kabla ya kazi kuanza, kila mtu na kikombe chake cha chai, kisha akauliza kama vile watu wanafungishwa ndoa: mwenye pingamizi aseme. Ukinyamaza siku hiyo, baadaye ukisengenya, utakoma.

Kabati alisimama pale na gauni lake la asubuhi, la buluu lenye mikono ya damu ya mzee, hata sare hajavaa bado. Meneja akaeleza: miaka tisa kazini, hajawahi kuunguza shuka hata moja. Watu wakaguna kwa kukubali. Akauliza swali lake. Watu wakarudia chai yao. Kabati akaanza kushusha pumzi.

"Mimi ninalo," akasema mhasibu.

Mhasibu alikuwa bwana nadhifu, suti mpya kila mwaka, peni mbili mfukoni. Dirisha la ofisi yake lilitazama geti la wafanyakazi. Hakuwa mtu mbaya, mnisikie vizuri. Alikuwa mtu wa kuhesabu, basi, na mtu wa namna hiyo ukimpa dirisha umejitakia. Akatoa daftari, akakohoa.

"Sina ugomvi na huyu dada. Nina ugomvi na hesabu. Kwa miezi mitatu nimeandika kila anachoingia nacho. Tarehe mbili, gauni la krimu, kola ya buluu. Tarehe tatu, gauni la buluu, mikono ya krimu. Tarehe nne, sketi ya damu ya mzee, juu kijivu cha mistari..."

Mwanzoni watu walicheka. Mwanamume mzima kukaa dirishani kuandika mikono ya magauni! Lakini aliendelea kusoma, tarehe kwa tarehe, na kicheko kikaanza kupungua.

"Nguo arobaini na moja," akafunga. "Kwa mwaka ni mia moja sitini na nne. Nimepiga hesabu kwa bei ya gauni la chini kabisa sokoni. Jamani, mshahara wake wa mwaka mzima hautoshi hata robo tatu ya nguo hizo, na mshahara wake nauandika mimi kwa mkono huu. Nauliza tu: hizo nyingine zinatoka wapi? Na ndiye huyu tunamkabidhi stoo ya nguo?"

Loo! Alikwishamwita mwizi, na neno lenyewe hakulitamka. Wale wale wa jikoni waliompa jina sasa walikuwa wanatazama ndani ya vikombe vyao.

Jibu Kabati alikuwa nalo. Alikuwa amelivaa mwilini. Mama yake alikuwa fundi cherehani maisha yake yote, na alikuwa na namna yake ya kushona ambayo hakumfundisha mtu ila binti yake. Kila mwaka walinunua kitambaa kimoja tu, lakini kizito, kizuri, chenye rangi tofauti ndani na nje. Mama alikikata kwa kuacha upana wa vidole vitatu ndani ya kila mshono, ili nguo ipate nafasi ya kupanuliwa, kupunguzwa, kugeuzwa. Na mikono na kola alizishona kwa uzi mmoja unaoshikana kama mnyororo: ukijua ncha yake iko wapi, unavuta mara moja, mshono wote unaachia bila kuumiza kitambaa. Hata macho yalipokwisha, vidole havikuacha kazi. Kila Jumapili mchana walikaa dirishani, mama akifumua kwa kupapasa, binti akishona. Mikono ya hili inahamia kwenye lile, kola inapinduliwa, sketi inageuzwa ndani nje. Ukutani mwao hapakuwa na kabati lolote. Palikuwa na misumari minne, na magauni manne.

Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake, na ndiyo iliyomziba mdomo. Akiitoa, Kabati amekwisha. Wale wanawake waliokuwa wakimtolea macho kila asubuhi watajua kwamba mwenzao hana kitu, kwamba ndiye mwenye nguo chache kuliko hata mfagiaji wa ua. Aliona aibu, aibu ya kweli ya kuchoma masikio. Kwa kitambo alifikiri heri aitwe mwizi.

Kisha akamkumbuka mama yake pale dirishani, uso umeelekea juani, vidole vinatafuta ncha ya uzi. Hasira zikampanda. Aibu ya nini? Kazi kama ile, tena ya mtu asiyeona, ndiyo ifichwe? Ndiyo iitwe wizi na mtu aliyevaa suti ya dukani?

"Dada wa mapokezi," akasema, sauti imemtoka kubwa kuliko alivyotaka, "njoo unishikie."

Msichana wa mapokezi akaja. Kabati akaingiza kidole chini ya kwapa, akatafuta, akavuta. Krrr! Mkono wa gauni ukashuka mzima, ukabaki kwenye kiganja chake. Bwalo zima likaguna. Akavuta wa pili. Akaigeuza yote miwili ndani nje: kijivu cha mistari. Akashika kola, akavuta uzi, akaipindua: krimu.

"Hee!" msichana wa mapokezi akapiga kelele. "Kola hii si ile ya Jumatatu ya wiki iliyopita? Nami niliisifia!"

"Ndiyo hiyo," Kabati akasema. "Nina magauni manne. Manne tu, yako nyumbani kwenye misumari, anayetaka kwenda kuhesabu karibu sana. Kwa mwaka nanunua kitambaa kimoja. Mengine yote ni mikono ya mama yangu, na mama yangu haoni. Haya, Bwana Mhasibu. Hesabu upya."

Mhasibu akapekua daftari haraka haraka. "Lakini tarehe kumi na tisa, ile sketi ya—"

"Ni hii."

"Na tarehe ishirini na sita, ile ya buluu iliyopauka kidogo—"

"Ni hii hii, upande wa ndani."

Hapo ndipo bwalo lilipovunjika. Mpishi mkuu alicheka mpaka akaegemea ukuta, wa jikoni wakagongana mabega, na mmoja akapaza sauti, "Jamani, miezi mitatu bwana mkubwa anaandika gauni moja!"

Meneja hakucheka. Alikuja akaushika ule mkono wa gauni, akapapasa vidole vitatu vya kitambaa kilichokunjwa ndani. Akauliza taratibu, "Sare zetu tunanunua mpya kila mwaka. Kwa nini zinachakaa haraka?"

"Hazichakai, Meneja. Mimi ndiye ninayezipiga pasi, nazijua moja moja. Kinachokufa ni kola na ncha za mikono. Shati zima linatupwa kwa sababu ya kola! Na kola hiyo ukiifumua ukaigeuza, upande wa chini bado mpya kabisa."

"Mhasibu, sare zinatugharimu kiasi gani kwa mwaka?"

Mhasibu alijua bila kufungua daftari. Akataja. Mpishi mkuu akapaliwa na chai.

"Nusu," akasema Kabati. "Nipeni stoo, cherehani moja na kiti. Mwakani mtatumia nusu ya hizo."

"Kuna mwenye pingamizi jingine?" Meneja akauliza, huku akimtazama mtu mmoja tu.

Mhasibu akafunga daftari. Kisha, na hapa nampa haki yake, akasimama wima mbele ya watu wote akasema, "Nimekosa, dada. Nisamehe." Meneja akatoa funguo nane kwenye kamba yake, akamtia Kabati mkononi, na vifijo vilivyofuata vilisikika mpaka kwa wageni waliokuwa bado wamelala.

Watu walipotawanyika, mhasibu alibaki nyuma anazungukazunguka. "Samahani," akanong'ona. "Hili koti langu limeanza kunibana tumboni. Laweza kuongezwa?"

Kabati akapenyeza kidole chini ya bitana, akapapasa mshono. "Humu hakuna hata nusu kidole, bwana. Walikupunja." Kisha akanyoosha mkono. "Naomba ile orodha yako."

"Unataka kuichana?"

"Thubutu! Nipe."

Jioni alirudi nyumbani na gauni lisilo mikono, mikono yenyewe imo mkobani pamoja na funguo. Alikuwa ameketi kitini tangu asubuhi, na viatu vilikuwa vinamwingia bila ugomvi. Mama yake alikuwa pale pale dirishani. Kabati akamwekea funguo mapajani. Mama akazihesabu kwa vidole, moja baada ya nyingine, mpaka ya nane, kisha akaanza tena toka ya kwanza.

"Tulia, mama, kuna kingine." Akakunjua karatasi za mhasibu, akasoma kuanzia tarehe mbili. Gauni la krimu, kola ya buluu. La buluu, mikono ya krimu. Kila alipotaja moja, vidole vya mama vilitembea hewani kama vinaishika tena, na uso ukazidi kung'aa. Akasoma yote hadi mwisho.

"Arobaini na moja?" mama akauliza. "Kaandika hivyo mtu mwenye macho mawili?"

"Arobaini na moja, mama. Kwa mkono wake."

Mama akafikiri, akahesabu kimoyomoyo, akatikisa kichwa. "Kaacha moja. Lile la kijivu lenye kola ya damu ya mzee."

"Siku ile ilikuwa mvua. Nilivaa koti juu, hakuliona."

"Basi kesho ukifika kazini," mama akasema, akizikumbatia zile funguo kifuani, "mwambie ni arobaini na mbili."