Boneti Isiyong'aa

Fundi rangi alipuliza mkono wa mwisho wa klia mapema asubuhi, kabla upepo haujaamka na kuanza kubeba vumbi la barabarani. Alishika bunduki ya rangi umbali wa shubiri moja kutoka kwenye boneti, akaipitisha kwa mwendo mmoja kutoka ukingo hadi ukingo, kila mpito ukilalia nusu ya mpito uliotangulia. Hakusimamisha mkono katikati. Mkono ukisimama, klia hujikusanya na kuning'inia kama kamasi ya mtoto. Klia yenyewe haina rangi. Kazi yake ni kuikinga rangi iliyo chini na kuipa mng'ao. Chochote kitakachokutwa chini yake, unywele, nzi au alama ya kidole, hubaki humo maisha yote ya gari.

Gereji hiyo ilikuwa na desturi yake. Kipande hakikutoka mpaka fundi aliyekipuliza ayaone meno yake ndani ya kipande hicho. Si uso, uso huonekana hata kwenye sufuria iliyosuguliwa vizuri. Meno, jino moja moja. Kwa kuwa vipande vyake havikurudishwa hata mara moja, wenzake walimwita Kioo, naye alizoea kukenulia milango na mabampa bila aibu.

Klia ilipokauka, Kioo aliinama juu ya boneti, akakenua. Hakuyaona meno yake. Alimwona mdogo wake wa kike amesimama kando ya barabara na trei ya mayai mikononi. Alitazama kulia, akatazama kushoto, kisha akatazama kulia tena, kama mtu anayetaka kuvuka.

Mdogo wake huyo aligongwa na gari mwezi uliotangulia, akafa palepale. Gari halikusimama. Shahidi hakupatikana, na polisi walipofika, mbwa walikuwa wamekwisha kuyalamba mayai.

Kioo alitafuta kasoro. Alipitisha ukucha juu ya boneti, ukateleza bila kukwama. Kisha akakumbuka. Boneti ile ililetwa ikiwa imebonyea, na kawaida sehemu iliyobonyea husuguliwa kwa msasa mpaka bati litoe weupe wake. Mwenye gari alikuwa na haraka. "Usichubue mpaka chini," alisema. "Jaza puti, paka, tumalizane." Kioo akasugua juujuu. Kilichobaki kwenye bati, klia ilikuwa imekifungia ndani.

Spana, mzee mwenye gereji, alikuja akijifuta mikono kwa tambara.

"Mbona umeinama hivyo? Unanusa chungu cha jirani?"

"Hebu njoo utazame, mzee."

Spana alivaa miwani, akatazama kwa muda.

"Si mdogo wako huyu?"

"Ndiye."

"Kazi imetulia," alisema Spana. "Hata maua ya gauni lake nayaona." Akavua miwani. "Mwenyewe anakuja kesho kuichukua. Na ndiye mwenye kiwanja hiki tunachokanyaga mimi na wewe."

"Najua, mzee."

"Basi kama unajua, sijasema kitu."

Kioo alikwenda kituoni, akarudi na askari. Askari aliisogelea boneti, akarekebisha kofia yake kwa mazoea, ingawa boneti haikumrudishia uso wake.

"Namwona vizuri kabisa," alisema.

"Sasa inakuwaje, afande?"

"Iweje, ndugu yangu? Mimi namwona mtu amesimama. Kusimama kando ya barabara si kosa."

"Gari lililomgonga ndilo hili."

"Hapa hajagongwa. Akigongwa, niite." Akampa pole, akaomba maji ya kunywa, akaondoka.

Mchana mama yao alikuja na kigoda chake. Hakulia. Alikaa mbele ya boneti, akakunja kanda za mkoba wake mapajani, akamsalimu binti yake na kumpa habari za nyumbani: paa la jikoni limezibwa, jirani amerudisha beseni, paka amezaa ndani ya kabati. Binti alihamisha trei kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Tangu utotoni alikuwa na tabia ya kusema peke yake.

"Anasema nini, mama?" aliuliza Kioo.

"Anauliza kama gari limeshapita."

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia bado. Asubiri hapohapo."

Aliendelea kumwambia hivyo mpaka jua lilipoegemea ukuta wa gereji. Wateja waliokuja kuulizia vipuri walizunguka kigoda chake wakisema, "Samahani, mama." Alipoinuka kwenda zake, alimshika mwanawe kiwiko.

"Kesho huyo mtu akija, nataka aseme tu. Aseme, 'Ni mimi.' Sitaki kingine. Sitaki jela, sitaki rambirambi. Aseme mbele yangu, nimsikie."

"Nitamwambia, mama."

"Usimwambie. Mtu akiambiwa aseme, anasema cha kuambiwa."

Siku ya pili mwenye gari alifika, viatu vyake vikiwa safi kuliko vyombo vya pale gereji. Alimwamkia mama kwa adabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Akaisogelea boneti, mikono nyuma. Alitazama kama atazamavyo mtu picha ya harusi ya watu asiowafahamu.

"Aa," alisema. "Kumbe yalikuwa mayai."

Kompresa ilikuwa imezimwa, na kila mtu alisikia.

"Umesema nini, baba?" aliuliza mama.

"Nasema rangi imekaa vizuri, mama."

Mama alimtazama usoni, akangoja. Mwenye gari alimgeukia Kioo.

"Ila siutaki huu mng'ao. Siku hizi watu wanapenda klia isiyong'aa, ile inayokaa kama majivu. Unayo?"

Kioo alimtazama Spana. Spana alikuwa anatazama ardhi, na ardhi ilikuwa ya mwenye gari.

"Tafadhali, sema neno moja," alisema Kioo. "Mama yangu yupo hapa."

"Neno gani tena, fundi? Kama huiwezi, mpe yule kijana wa gereji ya ng'ambo. Yeye haulizi."

Kioo aliijua kazi ya kijana huyo. Alikuwa akisugua kwa msasa mkavu wa ukutani na kupuliza mkono wa pili kabla wa kwanza haujakauka. Uso wowote ambao ungepitia mikononi mwake ungechanwa mistari.

"Iache hapa," alisema Kioo.

Klia haishiki juu ya klia inayong'aa mpaka iliyo chini isuguliwe. Kioo alichagua msasa laini kuliko yote, akaulowesha kwenye ndoo. Alianzia kwenye lami, akaja kwenye viatu, akapanda kwenye pindo la gauni. Kila alipopita pakawa na ukungu. Aliyazunguka mayai polepole. Alipofika shingoni, mkono wake ulisimama.

"Mwambie, mama. Mimi siwezi."

Mama aliinama mpaka pumzi yake ikagusa bati.

"Fumba macho, mwanangu," alisema. "Kuna vumbi."

Binti akafumba macho, na Kioo akamalizia.

Alipuliza mikono miwili ya klia isiyong'aa na kungoja katikati kama inavyotakiwa. Boneti ikawa ya kijivu, haina meno ya mtu wala uso wa mtu. Mwenye gari aliipapasa kwa kiganja, akasema, "Safi sana," na alipotoka getini alipiga honi mara moja kuwaaga, kama afanyavyo jirani mwema.

Baada ya hapo askari alileta bampa la gari lake, akaomba apuliziwe klia ileile. Akafuata daktari na mlango wa mbele. Akafuata mwalimu mkuu, kisha dereva wa lori, kisha mama mmoja mpole aliyekuwa na biashara ya maua. Hakuna aliyeeleza, wala Kioo hakuuliza. Gereji haikuwahi kupata kazi nyingi kiasi kile. Gari moja baada ya jingine, mji ulipoteza mng'ao, na watu wakasema ndiyo fasheni.

Mvua ilipokuja, ilibainika kwamba maji yakilala juu ya klia isiyong'aa huipa mng'ao kwa muda. Magari yaliyokwama kwenye foleni yaling'aa yote kwa pamoja. Kwenye boneti, bampa au mlango wa kila gari alisimama mtu wake: mwanamume na baiskeli, msichana na mkoba wa shule, vikongwe wawili walioshikana mikono. Wote walitazama kulia na kushoto. Watembea kwa miguu walishuka barabarani na miavuli, wakapita gari hadi gari mpaka kila mmoja akampata wake, wakaamkiana na kupeana habari harakaharaka. Mama alimpata binti yake na kumwambia kwamba watoto wa paka wamefumbua macho. Madereva walitazama mbele. Foleni ilipoanza kwenda, wenye miavuli walitembea ubavuni mwa magari mpaka wakaachwa.

Madereva walilalamika kwamba mkusanyiko huo unachelewesha watu makazini. Malalamiko yao yalisikilizwa upesi. Vyuma vilisimikwa kando ya barabara yote, virefu kufika kifuani, na Kioo akapewa kazi ya kuvipaka. Alivipuliza rangi ya kijivu kwa uangalifu wake uleule. Klia hakupuliza, kwa kuwa haikuagizwa.

Mvua iliyofuata mama yake alikuja, akakuta hakuna pa kupita. Akavishika vyuma kwa mikono miwili, akasimama na wenzake. Rangi ilikuwa imekauka vizuri, haikumchafua.